Watu Wazima Tu

Jovitha mwanangu,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua huanza kwa salamu, ikafuata hali ya nyumbani, kisha dhumuni. Salamu nimeshakupa asubuhi. Hali ya nyumbani unaijua kuliko mimi maana wewe ndiye uliyefagia, na sasa hivi uko chumba cha pili unapiga pasi na kuimba vibaya. Kwa hiyo nayaruka yote hayo. Barua hii nitaiweka katikati ya nguo zako, na nakuomba usiifungue mpaka basi liwe limeshaondoka Nyakanazi. Ukiifungua kabla utakuja kuniuliza maswali, na mimi maswali ya uso kwa uso hunipoteza, unanijua.

Sitakuambia habari za mizigo, wala maji ya kunywa njiani, wala nani wa kuongea naye ndani ya basi. Shangazi yako amekuja tangu juzi kwa kazi hiyo na bado hajamaliza. Mimi nina jambo moja tu, nalo linamhusu mama yako.

Najua linakuuma. Siku barua ya kazi ilipofika ulisimama pale mlangoni ukaisoma kwa sauti ya mkutano: umechukuliwa kwenye ofisi ya kukagua filamu huko Dar es Salaam, utasaidia kuzipanga, hii ya watoto, hii ya wote, hii ya watu wazima tu. Mama yako aliinuka akaenda migombani na hakurudi mpaka jua linazama. Tangu siku ile anakupikia, anakufumia kikapu, anakutania kuhusu nywele zako, lakini ukiitaja hiyo ofisi anakuwa kama hajasikia. Juzi ukaniambia, "Baba, nitaondokaje bila baraka za mama?" Nikakujibu kwamba atazoea. Nilikudanganya, mwanangu. Sababu nilikuwa naijua tangu siku ile ile, na sababu yenyewe ni mimi.

Umekua ukisikia kila asubuhi nikimuuliza, "Umeamka mzima?" naye akinijibu, "Kaulize mlangoni." Ninyi watoto mlidhani ndivyo wanavyosalimiana watu wa Kaniha, kwao. Kaka yako alimjibu hivyo mwalimu mkuu akapigishwa magoti nusu siku. Hakuna mtu wa Kaniha anayesalimia hivyo. Salamu ile ilizaliwa hapa hapa Keza, siku moja, na mimi ndiye niliyeizaa.

Mkoa wetu ulikuwa bado unaitwa Ziwa Magharibi. Kijiji cha ujamaa kilikuwa kipya, nyumba zimepangwa mistari kama madawati, na watu wakitoka kunywa pombe walikuwa wanabisha hodi nyumba za wenzao maana zote zilifanana. Mimi nilikuwa karani wa kijiji. Nilipewa kazi hiyo kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri, hakuna sababu nyingine. Nilitembea na kalamu mbili kwenye mfuko wa shati, moja haikuandika kabisa, ilikuwa ya urembo. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na ungekutana nami siku zile usingenipenda.

Basi, likaja gari la sinema. Landrova, jenereta, spika mbili, na shuka jeupe la kufunga kati ya nguzo. Hujawahi kuona kijiji kikichangamka vile. Wazee waliokuwa wagonjwa kila zamu ya shamba la kijiji walipona siku hiyo hiyo. "Firimu! Firimu imekuja!" Dereva alikuwa mtu wa pwani, akacheka firimu zetu mpaka akashika gari. Akanipa karatasi yenye majina ya filamu mbili na daraja la kila moja. Ya kwanza ilikuwa ya kilimo cha kahawa, imeandikwa kwa wote. Ya pili ilikuwa ya afya, imeandikwa watu wazima tu.

"Hii ya pili, bwana karani, simama mwenyewe mlangoni," akasema. "Mimi niko na mashine."

Sikumuuliza ndani yake kuna nini. Karani mwenye kalamu mbili hawezi kuuliza. Na hapa, mwanangu, nakuomba usicheke kwa nguvu, abiria watakushangaa. Kwa Kihangaza chetu muzima ni yule asiyeumwa. Mwenye umri wake tunamwita mukuru. Kiswahili tulichokuwa nacho wengi wetu kilikuwa cha darasani na cha mikutano, si cha kuotea ndoto. Nikajifikiria: filamu ni ya afya, imeandikwa watu wazima tu, basi wagonjwa wasiingie wakaambukiza wenzao kwenye msongamano. Nikaona serikali ina akili sana. Nikachukua chaki nikaandika kwenye mlango wa duka la kijiji, kwa ule mwandiko wangu, WATU WAZIMA TU, nikapiga mstari chini.

Filamu ya kahawa walikuja watu wachache, tena nusu yao walikuwa wamekuja kuwahi nafasi. Kumbe chaki yangu ilikuwa imekwenda mbali. Ilipofika zamu ya ile ya pili, uwanja wa shule uliozungushiwa uzio wa matete ulikuwa umefurika nje, mpaka watu wa kijiji cha pili walikuwepo. Baadaye dereva aliniambia siri ya kazi yake: ukitaka watu waje kuona filamu ya mbolea, andika kwamba hawaruhusiwi. Hilo litie akilini huko uendako. Ukiandika neno la kuwazuia watu, wao wanalisoma kama mwaliko, na Nyakanazi hapo kwenye vibanda vya video mpaka leo chaki ya nje ni ile ile na wanaojaza mabenchi ni wanafunzi.

Nikasimama mlangoni pa uzio. Watoto walikuja mbele kama kawaida yao.

"Unaumwa?"

"Hapana, shikamoo."

"Marahaba. Toa ulimi."

Anatoa ulimi, ninauangalia kama ninayejua ninachoangalia, nasema pita. Watoto wote wa Keza walipita, Jovitha. Wote! Ndimi zao zilikuwa safi kabisa. Niliowarudisha ni bibi mmoja mwenye homa, kijana mwenye kidonda kidoleni, na mama aliyefunga shavu kwa kitambaa kwa sababu ya jino. Akaja Mzee Baltazari, balozi wetu wa nyumba kumi, anakohoa mpaka anainama. Nikasema, "Karibu, mzee, pita mbele." Nikamtolea na kiti.

Halafu akaja msichana mmoja ambaye sikumjua. Alikuwa amevaa gauni jeupe la kanisani, ana fimbo, na anachechemea mguu wa kushoto. Alikuwa mgeni wa shangazi yake hapo kijijini, ametoka Kaniha kule Biharamulo kuja kumsaidia kuvuna. Jina lake Leokadia. Unamjua vizuri, ndiye aliyekunyonyesha.

"Wewe hapana," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Watu wazima tu."

"Kwani mimi ni nini?"

"Si huo mguu," nikasema, na nikaunyoshea kalamu. Ile isiyoandika.

Akautazama mguu wake kama anautazama kwa mara ya kwanza. "Mguu huu umenileta kutoka Kaniha mpaka hapa," akasema. "Wako umekuleta kutoka wapi?"

"Kutoka ofisini," nikajibu, na watu wakacheka, nami nikafurahi kwamba nimewachekesha. Yeye hakucheka. Niliona koo lake likipanda na kushuka. Akasema, "Haya," akageuka, akaondoka na fimbo yake, na wale wengine niliowarudisha wakamfuata. Jambo lile lilichukua muda mfupi kuliko kufunga kiatu, na nimeishi nalo mpaka leo.

Filamu ikaanza. Mwanzo ilikuwa mkunga ananawa mikono, ananawa, ananawa, watu wakaanza kulalamika kwamba kunawa wanakujua. Kisha akaonekana mama mjamzito amelala kitandani, na mkunga akafunua shuka. Loo! Uwanja mzima ulivuta pumzi. Dereva, kuona mbele kuna safu nne za watoto wamekaa chini na midomo wazi, aliruka akavua kofia yake akaiweka mbele ya taa ya mashine. Giza. Sauti peke yake inaendelea, mama wa watu analia. Watoto wakaanza kulia naye. Vijana wakapiga kelele, "Toa kofia! Toa kofia!" Mimi nakuambia, kile walichokifikiria nyuma ya ile kofia kilikuwa kibaya mara kumi kuliko kilichokuwepo. Mtoto mmoja mpaka anamaliza shule aliamini kwamba mkunga alimchinja yule mama.

Kofia ikateleza. Picha ikarudi. Na Mzee Baltazari akageuza shingo akagundua kwamba aliyekaa kwenye benchi la pembeni yake, bega kwa bega, ni mke wa mwanawe.

Unajua mila zetu. Na mkwe hampishani hata kwenye njia nyembamba, unazunguka shamba. Hawa wawili walikuwa wameketi pamoja wakitazama mwanamke anazaa! Mzee alivuta kofia yake ikafunika macho, akasimama, akaanza kukimbia bila kuona aendako, anakohoa, akaenda moja kwa moja kwenye shuka la sinema, akanasa kamba na kuliangusha lote.

Hapo ndipo tulipowaona. Nyuma ya shuka, kwenye mtelemko wa shamba la mihogo ulioinuka juu ya uzio, walikuwa wamekaa watu wote niliowarudisha. Bibi mwenye homa, kijana wa kidole, mama wa jino, na wengine niliokuwa nimewasahau, wamejipanga vizuri, wanakula karanga. Walikuwa wameiona filamu yote kutoka upande wa pili, ila kwao mkunga alikuwa anatumia mkono wa kushoto. Na katikati yao alikuwa amesimama Leokadia. Shuka lilipoanguka, mwanga wa mashine ulikwenda moja kwa moja ukatua kwenye gauni lake jeupe, na mtoto akazaliwa pale pale, tumboni kwake, mbele ya kijiji chote, akalia.

Leokadia akajitazama chini. Akainua fimbo akanionyesha mimi mlangoni.

"Karani!" akaita. "Sasa je? Nimeshazaa. Bado si mtu mzima?"

Mwanangu, nimesikia watu wakicheka maishani, lakini kicheko kile hakijarudi tena Keza. Dereva ndiye peke yake aliyekuwa na hasira. Alinishika shati. "Nani alikuambia uingize watoto?" Nikamwambia nimewapima, wote ni wazima. "Wazima ni wakubwa! Wenye umri wao! Ala, wewe karani gani?" Nilitamani ardhi inimeze na kalamu zangu zote mbili.

Wiki nzima watoto walicheza mkunga nyuma ya shule. Akina mama walikuja ofisini kwangu kuuliza wawajibu nini. Mzee Baltazari alibadili njia ya kwenda kisimani kwa muda wa msimu mzima. Na mimi nilikwenda kwa shangazi yake Leokadia kuomba radhi. Nilibisha hodi. Sauti ikatoka ndani, "Humu wanaingia watu wazima tu." Nikarudi nyumbani. Kesho yake nikaenda tena, jibu lile lile. Siku ya tatu nilikwenda bila kalamu mfukoni, nikakaa nje kwenye kinu kilichopinduliwa, nikaeleza habari ya muzima na mukuru kwa mlango uliofungwa, neno kwa neno. Kisha nikasikia mtu anacheka, anajizuia, anashindwa. Mlango ukafunguliwa. Ndoa yetu ilitoka pale, na "kaulize mlangoni" ikatoka pale, na hata wewe umetoka pale.

Sasa nitakuambia ya pili, maana hiyo ulikuwepo. Ilikuwa baada ya vita vya Kagera. Unasema huvikumbuki vita, ulikuwa mdogo, miaka mitano au sita. Malori yalipita hapa usiku na mchana, vijana wa mgambo wakaondoka wanaimba, sukari ikapotea, na jirani yetu Mama Deo akabaki anakaa kwenye kizingiti chake kutazama barabara, kwa sababu Deo wake alikwenda na hakuandika. Vita vilipokwisha gari la sinema likarudi na filamu ya vita vyenyewe. Dereva mwingine, karatasi nyingine. Daraja lake: inaruhusiwa kwa wote.

Wote! Nikaitazama ile karatasi. Safari hii nilikuwa na kalamu moja na akili kidogo. Nikamwendea dereva nikamuuliza, "Ndugu, ndani kuna nini?" Akanieleza: kuna malori, kuna nyimbo, kuna nyumba zilizoungua, kuna watu wamelala barabarani hawataamka, kisha kuna nyimbo tena. Nikasimama mlangoni, na kila aliyekuja nilimwambia hivyo hivyo. Sikumrudisha mtu. Wengine waliwapeleka watoto nyumbani wenyewe wakarudi. Mama Deo alipofika nilimwambia taratibu, mara mbili. Akafikiri. Kisha akasema, "Nitaingia, lakini sitaangalia huko." Akaingia, akachukua kigoda chake, akakaa karibu na mama yako akiwa ameipa filamu mgongo, anatutazama sisi. Kila mara anamgusa goti: "Sasa kuna nini?" Mama yako anamwambia, "Malori." "Sasa?" "Wanaimba." "Sasa?" Mama yako anamwambia, "Sasa tuongee mambo yetu." Wakaongea habari za maharage mpaka nyimbo ziliporudi.

Wewe ulikuwa mapajani mwa mama yako. Uliwahi kuniambia kwamba kitu cha kwanza unachokikumbuka duniani ni rangi ya njano yenye taa nyuma yake, na harufu ya moshi wa kuni, na hujui ni wapi. Ni pale. Ni khanga ya mama yako. Zilipokuja nyumba zilizoungua alikufunika nayo uso, akaiacha hivyo mpaka alipomwambia Mama Deo kwamba wanaimba. Na Deo, kama unavyojua, alirudi baada ya miezi miwili, mnene kuliko alivyoondoka, tukashangaa vita gani hivyo.

Kwa hiyo, mwanangu, karatasi ya kwanza ilisema watu wazima tu na karatasi ya pili ilisema wote, na hakuna hata moja iliyomjua Mzee Baltazari na mkwewe, au Mama Deo. Sisemi karatasi ni bure. Laiti ningeielewa ile ya kwanza, watoto wa Keza wangelala vizuri. Watoto hawakuwa na kosa, na mimi niliwapitisha kwa kutazama ndimi! Umri una maana yake, na mtu wa kuupima lazima awepo. Ila huko Dar es Salaam mtakaa watu wanne ndani ya chumba mkitazama filamu na chai pembeni, kisha mtagonga muhuri, na muhuri wenu utapanda gari ukaja mpaka Keza kwa karani mwingine mwenye kalamu mbili. Mwandikie vizuri. Mwambie kilichomo. Mimi kama karatasi ile ingesema tu "mwanamke anazaa na anaonekana," nisingekosea, hata kwa Kihangaza, na Mzee Baltazari angejichagulia mwenyewe kiti. Usimwache mtu abahatishe neno. Na wewe mwenyewe usione haya kuuliza ndani kuna nini, hata kama umevaa viatu vya ofisini. Mimi niliona haya, nikasema uongo kwa mwandiko mzuri.

Nilikuwa nataka kumalizia hapa. Nimeshaandika "wako" kwa chini na kulifuta, utaona doa. Mama yako ameingia na ungo wa maharage, anachagua mawe, akaniuliza naandika nini mpaka karatasi ya tano. Nikamwambia ni barua yako. Akasema, "Isome."

Nimemsomea yote. Nilipofika pale Mzee Baltazari anapoangusha shuka, ameweka ungo chini, amecheka mpaka amejipangusa macho kwa khanga, na wewe huko chumbani umeuliza kuna nini, tukakujibu hakuna kitu. Kwa Mama Deo amerudi kuchagua mawe. Nilipomaliza alikuwa anaviringisha jiwe dogo vidoleni.

"Ni nzuri," akasema. "Ila si kweli yote."

"Wapi si kweli?"

"Hapo mlangoni. Unasema ulinirudisha kwa sababu ya neno. Miaka yote unasema neno. Baba Jovitha, Mzee Baltazari alikuwa anakohoa mpaka anainama, na ulimpa kiti. Yeye ulimwona balozi. Mimi uliuona mguu. Neno lilikuja baadaye, kukusaidia."

Nikashika kalamu nikitaka kubishana. Nina maelezo mazuri ya muzima na mukuru, nimeyaeleza harusini, nimeyaeleza kwa wageni, yamechekesha watu miaka mingi. Jovitha, nikaiweka kalamu chini. Kwa sababu ni kweli. Nilimwona msichana mzuri aliyevaa nyeupe, nikaona mguu, na ndani yangu kuna mtu mdogo aliyesema huyu naweza kumfukuza na watu watacheka. Kisha nikatafuta neno. Lilikuwa limeandikwa tayari, kwa mwandiko wangu.

"Nisamehe, Leokadia," nikamwambia.

"Ulishaomba."

"Niliomba kwa ajili ya neno. Sasa naomba kwa ajili ya mguu."

Akatazama ungo. Machozi yalimtoka kidogo, si mengi, na mimi yalinitoka mengi zaidi, sioni haya kukuambia. Akasema, "Simkatazi mtoto kwenda. Hata siku moja sikumkataza. Ninachoogopa ni kwamba atakaa mahali ambapo hawaoni anaowafukuza. Wewe angalau uliniona nikimeza mate."

"Nimwandikie hivyo?"

"Mwandikie. Na mwandikie kwamba kesho naenda naye mpaka Nyakanazi. Nitapanda hilo gari na fimbo yangu na nitampungia mkono pale pale, watu wote waone. Na mwandikie kwamba filamu kwa nyuma ya shuka ilikuwa tamu, karanga zilikuwepo, na hakuna aliyetuambia tutoe ulimi. Siku akichoka na muhuri wake, azunguke aende akakae huko kwanza. Halafu ndiyo agonge."

Basi, nimeandika kama alivyosema, sikuongeza kitu. Kwa hiyo utakapokuwa unasoma hapa, mama atakuwa ameshakupungia mkono, na wewe utakuwa umejiuliza kwa nini ghafla amebadilika. Sasa unajua.

Ameinua ungo wake aende jikoni. Alipofika mlangoni, mimi kwa mazoea tu, bila hata kufikiri, nikamuuliza, "Na leo umeshinda mzima?"

Akasimama na mgongo wake kwangu. Nikalisubiri jibu langu la miaka yote.

"Mzima," akasema. "Mzima kabisa."

Akaenda kupika. Nami nimebaki hapa na kalamu, sijui hata nifunge barua vipi. Nenda mwanangu, umebarikiwa.

Baba yako,
wa mlangoni